Sare Yenu ya Kijani

Chumba cha kushonea,
Mlango wa pili kutoka duka la dawa.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kobe,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Kifua kimepoa? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka, nikakuambia uwe unafunga shingo ukitoka, ukanicheka. Natumaini ulifunga. Wewe kifua chako ni cha karatasi tangu utotoni, na baridi ya huko nasikia haina utani na mtu.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Macho tu ndiyo yameanza kuringa. Siku hizi nikitaka kutunga uzi kwenye sindano namwita binti wa duka la dawa, anakuja na miwani yake mikubwa kama sahani, anatunga, kisha anaondoka na kipande cha kitambaa cha kufungia nywele. Tumekubaliana hivyo na hakuna anayelalamika.

Mama naye yupo. Presha imeshuka tangu daktari alipombadilishia dawa, na mguu umepungua uvimbe. Anatembea mpaka getini na kurudi bila kushikwa. Jumamosi ile alipokwenda studio ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nyumbani tangu augue. Nataka ulijue hilo kabla sijafika mbali, maana litahitajika.

Najua umeshangaa kuona barua. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza. Ungesema, "Dada, mtandao unasumbua," na nimegundua mtandao wako una tabia ya kusumbua kila nikitaja neno picha. Karatasi haina mtandao. Kaa chini uisome yote.

Basi tuongee habari za sare. Msimamo wangu unaujua. Familia yetu haiwezi kutoka hata kwenda kumwona mgonjwa bila Mwenyekiti kutangaza rangi. Dada yetu mkubwa alizaliwa na rungu la mkutano mkononi. Hata mezani akitaka kupewa chumvi anaanza kwa kusema "jambo la kwanza". Anakwenda dukani, ananunua jora zima la kitambaa kimoja, analibwaga mezani kwangu na kusema, "Fundi, sote." Nami nakata: Mama, yeye, shemeji mumewe, wewe, Redio mziwanda wetu, kisha mimi.

Unakumbuka mwaka wa rangi ya chungwa yenye miduara? Kitambaa kilibaki, Mwenyekiti akaamuru nishone na foronya za mito ya kochi. Tukaja tukakaa pale sebuleni kwa Mama tupigwe picha, na ilipotoka ikawa vigumu kujua shemeji anaishia wapi na kochi linaanzia wapi. Jirani alipotuona tunatoka, aliuliza tunakwenda kuimba wapi. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye ngazi.

Mimi nilikuwa nasema waziwazi, mbele ya wote, kwamba watu wazima kuvaa nguo moja ni ushamba. Kila mtu ana mwili wake na rangi inayomkaa. Kwa nini tufanane kama pakiti ya biskuti? Nilisema hivyo kila mara, na kila mara nilikuwa nasema huku mkasi unatembea. Yangu nilikuwa naishona ya mwisho, taratibu, mlango nimeufunga, na pindo lake nalipiga kwa mkono. Mlisikia mdomo wangu, mikono hamkuiangalia. Hata mimi nadhani sikuwa nikiiangalia.

Safari hii Mwenyekiti akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba picha tutakayopiga na Mama, sasa amepata nafuu, haitakuwa na sare. Kila mtu avae anachopenda. Akaongeza kwamba wamenisikiliza, kwamba fundi alikuwa anasema kweli, mambo ya kufanana yamepitwa na wakati. Redio akaweka vicheko. Wewe ukaweka dole gumba. Nilisoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ulivyostahili. Nilivimba kichwa, Kobe, sikufichi. Nikasema moyoni, leo neno langu limepita katika nyumba hii! Nikanunua kitambaa cha njano, rangi ambayo Mwenyekiti haipendi hata kwa kuisikia, nikajishonea gauni lenye mabega. Kumbe nilikuwa navishwa kilemba cha ukoka, mimi ambaye kazi yangu ni nguo.

Sasa sikiliza jambo ambalo Mwenyekiti halijui mpaka leo, maana angelijua angejificha uso.

Ng'ambo ya barabara yangu kuna fundi wa kiume tunayemwita Fundi Suti. Anashona vizuri, ila kila anachoshona, hata kama ni aproni, anakiita suti. Mwenyekiti alimpelekea kazi huyo, kwa siri, ili nisione. Jambo asilolijua ni kwamba Fundi Suti hana mashine ya kutengeneza matundu ya vifungo. Mtaa mzima ninayo mimi peke yangu. Mafundi wote wa huku wakimaliza nguo huniletea nitoboe, na hakuna anayemwambia mteja, kama vile mpishi asivyokuambia pilipili ameazima kwa nani.

Basi Fundi Suti akavuka barabara na furushi, akalitua mezani kwangu. Kitambaa kilikuwa cha kijani kilichokolea, chenye majani madogo meupe, laini, kile kitambaa ambacho ukikikunja kinakunjuka chenyewe. Nilikisifu. Nilimwambia mteja wako ana macho. Akasema ni kazi ya haraka ya familia moja, wanapiga picha. Nikacheka, nikasema wengine bado wako huko kwenye sare, sisi kwetu tumeshaendelea.

Nilitoboa nguo moja baada ya nyingine. Nikafika kwenye shati la mwanamume, nikalikunja niliweke sawa, nikaona mkono wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Nikadhani Fundi Suti amekosea, nikamwita. Akasema hapana, ndivyo alivyopewa. Walimletea shati la zamani la mwenyewe akalifuatisha.

Unajua nilifanya nini, mdogo wangu? Nilifurahi. Nilisema kumbe kuna mtu mwingine hapa duniani mwenye mkono kama wa Kobe wangu, uliovunjika ukaungwa vibaya. Nilimwonea huruma mtu huyo nisiyemjua. Nikapanga nikuandikie utani kwamba nimekupatia pacha. Nikatoboa matundu yake kwa uangalifu kuliko ya wengine wote, nikakata nyuzi zilizobaki kwa meno, nikalipiga pasi bila kuombwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi chaki yangu, pasi yangu, na bado sikukiona.

Jumamosi nilichelewa kidogo kwa sababu ya mteja aliyekuja kujaribu blauzi akakataa kuamini kwamba amenenepa. Nilifunga nikakimbia na gauni langu la njano. Ile studio iko ghorofani, unapanda ngazi nyembamba, kuna kioo ukutani na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiibwe. Nikajitazama kwenye kioo kile, nikajiona nimependeza, nikasukuma mlango.

Wote walikuwa kijani. Mama alikuwa amekaa katikati kwenye kiti chenye mgongo mrefu, gauni la kijani lenye majani meupe. Mwenyekiti nyuma yake, kijani. Shemeji, kijani. Redio, kijani, kichwa ameinamisha kama anayetafuta hereni iliyoanguka. Na kwenye vifua vyao vyote, kuanzia shingoni hadi tumboni, matundu ya vifungo niliyoyatoboa mwenyewe.

Nilibaki mlangoni. Nilikuwa nimeshika kitasa na nikawa siwezi kukiachia. Ukitaka kujua nilivyojisikia, sikupata hasira kwanza. Niliona aibu, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Mama ndiye aliyeanza. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, pale kwenye taa zote zile, akasema taratibu, "Hata leo, mwanangu? Siku yangu moja tu, ukaona haya kufanana nasi?"

Sikuelewa. Nikamtazama Mwenyekiti. Akatazama dari. Ndipo nikaelewa kwamba Mama alikuwa ameambiwa mimi nimekataa. Ameambiwa nimeletewa kitambaa nikakirudisha, nikasema sare ni ushamba. Na nani asingeamini? Nimelisema neno hilo miaka yote kwa kinywa changu, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Uongo wao haukuhitaji kushonwa upya, waliukuta tayari kwangu wakaufupisha tu.

Kobe, nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema pale pale, Mama, sikuulizwa, sikupewa, nimedanganywa. Na Mama aliyetoka kitandani juzi, ambaye daktari amesema asishtuliwe, angesikia watoto wake wanavuana nguo mbele ya mpiga picha. Mwenyekiti alikuwa amegeuka mweupe midomo. Nikajikaza kisabuni. Nikasema, "Nisamehe, Mama. Niliona ile nguo haitanikaa vizuri."

Mama akasema, "Haya." Hilo tu.

Mpiga picha alikuwa na haraka zake, mtu hana kosa. Akasema tuanze na mama na watoto, yaani sare. Mama akaninyooshea mkono nisogee hivyo hivyo na njano yangu, Mwenyekiti akawahi, "Ya sare kwanza, Mama, ataharibu rangi." Mpiga picha akanigeukia, akaniomba kwa adabu kabisa nimshikie mikoba yao, isionekane pale chini. Nikashika mikoba. Wa Mama, wa Mwenyekiti, wa Redio. Nikasimama kando ya mlango na mikoba yote ile begani, kama kigingi cha kutundikia.

Kisha nikamsikia anasema, "Upande huu wa kulia wa mama acheni nafasi, yule kaka nitamwingiza baadaye kwenye kompyuta, picha yake ameshaituma."

Hapo ndipo mkono wa shati ulinijia. Nilikuwa nimeyaona matundu yote mle chumbani, lakini shati lenye mkono mfupi halikuwamo. Lilikuwa limeshakufikia. Ulikuwa umeshalivaa, umeshasimama nalo mbele ya ukuta mweupe huko uliko, umeshafunga vifungo kimoja kimoja. Na hukusema kitu.

Mwenyekiti nimemzoea. Tangu tukiwa wadogo, akigawa kitu lazima kuna atakayepata pungufu, na tukimlalamikia anaita ni utaratibu. Ya Mwenyekiti ningeyalia siku moja nikayaacha. Lakini wewe! Pale mlangoni nikiwa na mikoba nilijiambia, Kobe hajui, wamemtumia shati tu, hajui kwamba mimi sina. Nilikutetea moyoni, unasikia? Nilikutetea siku nzima na kesho yake.

Jumatatu Redio akaja dukani kwangu. Huyo mziwanda wetu hatukumpa jina lile bure. Siri kwake ni kama maji kwenye chujio. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kulia kabla sijamuuliza, akatoa yote. Sitakuandikia maneno yake yote kwa sababu alikuwa anapenga kamasi kati ya neno na neno. Nitakuandikia kiini tu, nawe ukiona nimekosea unisahihishe.

Kwamba mchumba wako aliona picha moja kwenye simu yako, ile ambayo nimepiga magoti napima pindo la gauni la Mama, pini mdomoni. Kwamba baba yake alikuwepo, akauliza huyo anayepiga magoti ni nani. Na kwamba wewe ulijibu ni fundi wetu wa nguo.

Kisha ukaona huwezi kurudi nyuma. Wazee wale ni watu wa heshima zao, wakaomba picha ya familia waitundike karibu na yao kabla ya ndoa. Ukajua nikitokea mle ndani kwa sare, wataniona, wataniuliza, na utaonekana mwongo. Ndipo ukampigia Mwenyekiti. Wazo lilikuwa lako, dada. Samahani, nimeandika "dada" kwa hasira, hata mkono wangu haujui tena nani ni nani. Sitaifuta. Wazo lilikuwa lako, na la kusema nimekataa lilikuwa la Mwenyekiti, mkagawana kazi vizuri kama watu wa ofisi moja.

Redio anasema ulisema, "Dada fundi ataelewa, yeye mwenyewe hapendi sare."

Nimeumia. Naandika hivyo bila mapambo kwa sababu sijui namna nyingine. Nimeumia kuliko nilivyoumia nilipoachika, na wewe unajua nilivyokuwa wakati ule.

Mama aliponichukua baada ya dada yake, mama yangu mzazi, kufariki, nilikuwa bado sijaota meno ya mbele ya pili. Wewe hukuwepo. Mimi sikuja kwenu nikakukuta. Wewe ndiye uliyekuja ukanikuta mimi. Ulichelewa kutembea mpaka watu wakakuita Kobe, na ukweli ni kwamba sikuwa nakuweka chini. Mama akisema mshushe atembee, nakushusha, akigeuka nakubeba tena. Mgongo wangu huu wa kuinamia cherehani ulianza kupinda kwa uzito wako. Leo ukaulizwa nani yule, neno lililokuja mdomoni likawa fundi.

Na si kwamba nauonea haya ufundi. Ni kazi yangu, imenilisha na imenipa heshima, na hata karo yako ya mwaka wa mwisho iliwahi kupita chini ya sindano hii, nisingetaja kama usingenilazimisha. Ungesema "dada yangu, ni fundi," ningevimba kama mkate. Ukaliondoa neno moja tu ukabakiza jingine.

Wateja huniuliza siku hizi. Kuna mke na mume walikuja juzi wanabishana mbele yangu kama wavae sare na watoto kwenye picha. Mume anasema ni kuwabana watoto, mke anasema inaonyesha umoja, wakaniachia mimi niamue. Zamani ningemuunga mkono mume na utani juu. Safari hii niliwaambia kama mnashona, hesabuni watu vizuri kabla hamjakata. Wakadhani naongelea kitambaa. Nimeshonea watu sare nusu ya maisha yangu, nimezicheka nusu ya maisha yangu, na sikujua kwamba kazi moja ya sare ni kumwonyesha aliyebaki nje. Aliye ndani haioni kazi hiyo, yeye anaona rangi tu.

Nilikuwa nafikiri nitakaa kimya, niache wakati upite, tucheke siku moja kama tunavyocheka miduara ya chungwa. Nilikuwa nimeshapiga moyo konde. Halafu Mama akaja.

Alikuja Alhamisi, peke yake, kwa mguu ule, mpaka hapa dukani. Mkononi ana lile gauni la kijani. Lilikuwa linampwaya mabegani, Fundi Suti hamjui Mama, alimpima kwa mavazi ya zamani kabla ya ugonjwa. Mimi nikaruka kumvutia kiti cha ndani, kile chake, unakijua, kilicho nyuma ya meza karibu na dirisha, anapokaaga akimenya machungwa na kuniambia nani kafa na nani kaolewa. Akasema, "Usisumbuke." Akabaki upande wa wateja. Akasimama pale wanaposimama watu wote, mkono juu ya meza.

Nikampima mabega. Alikuwa amekonda, nilikuwa nausikia mfupa chini ya tepu. Nikamwambia nitalipunguza leo leo. Akaitikia kwa kichwa, akafungua pochi yake ndogo, akaniuliza, "Utanitoza kiasi gani, fundi?"

Mama hajawahi kuniuliza bei, Kobe. Tangu nilipojua kushika sindano. Huwa anachukua nguo yake anaondoka, na akifika mlangoni anageuka na kunilaumu kwamba vifungo nimeviweka vikubwa.  Nikasema, "Hakuna kitu, Mama." Akasema hapana, kazi ni kazi, akaweka hela mezani, akaagana nami vizuri sana. Ile adabu aliyoniaga nayo ndiyo iliyonimaliza. Watu hawaagani hivyo na watoto wao.

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Mama anaamini nilimkana, na kwa kuwa ni mtu mwenye heshima ameamua kunipa ninachokitaka. Anadhani nilichoka kuwa mwanawe, akanifungulia mlango nitoke bila kelele.

Hela yake bado iko pale pale alipoiweka. Nakata vitambaa nikiizunguka.

Kwa hiyo sikuandikii ili uniombe radhi. Radhi utaomba ukiisha kukua. Wala sitaki uwaambie wakwe zako chochote. Huko uliko niite fundi, niite mfanyakazi, waambie hata kwamba mimi ni jirani aliyepita tu na pini mdomoni, na picha yenu waitundike popote wanapotaka. Wale sikuwahi kuwa mtu wao, hawana cha kunipokonya.

Nataka jambo moja. Mpigie Mama. Usimpigie Mwenyekiti akufikishie, na usimtume Redio. Chagua asubuhi akiwa ameshakunywa dawa, kaa vizuri, useme polepole asishtuke, na umwambie kwa mdomo wako kwamba sikukataa. Kwamba sikuletewa kitambaa. Kwamba ningeletewa ningevaa, hata kingekuwa cha miduara, hata kingenibana shingo. Mimi siwezi kumwambia, kwa sababu nikisema nitakuwa namchongea mwanawe wa kuzaa ili nijisafishe, na Mama atalazimika kuchagua nani amwamini. Sitaki nimweke hapo. Lakini wewe ukijisemea mwenyewe, ataamini.

Kama utaona haya, kumbuka kwamba nilisimama na mikoba yenu nikakubali kosa lisilo langu ili siku yake isiharibike. Sasa ni zamu yako. Ulipata mama bila jasho, Kobe, ulizaliwa tu ukamkuta. Mimi mama nilipewa mara ya pili, na ya tatu haipo.

Naishia hapo, mkono umechoka. Nisalimie mchumba wako. Sina kinyongo naye, yeye aliuliza tu swali. Shemeji anakusalimia, juzi alinipungia kutoka ng'ambo ya barabara na akaona haya kuvuka. Redio anakusalimia na anasema usimwambie Mwenyekiti kwamba ameniambia. Mwenyekiti hajatuma salamu, lakini mpe zangu, mwambie bado nipo mlango ule ule. Binti wa duka la dawa naye anaulizia kifua chako.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya na mke mwema, na akupe ujasiri wa kushika simu. Funga shingo ukitoka.

Nakupenda hata katika hasira hii,

Dada yako.